Foliki si folini, jamani

Juzi tena. Saa tatu usiku simu inaita, muuguzi wa zamu: "Shikamoo dada. Likovorini tumebakiwa na kichupa kimoja. Hiki kikiisha tuendelee na foliki ya vidonge mpaka kesho? Si vitamini ileile?"

Shikamoo niliipokea. Swali ndilo lililonipandisha presha, maana nimeshalijibu mpaka sauti imekauka. Safari hii naliandika, anayefuata nimtumie asome.

Methotreksati, dawa ya saratani, hufunga kimeng'enya kiitwacho DHFR. Foliki, hii ya miligramu 5 tunayoigawa kama karanga, haifanyi kazi mpaka igeuzwe na kimeng'enya hichohicho. Sasa kimefungwa, nani ataigeuza? Mmiminie mgonjwa kopo zima, uboho wake utakufa njaa na chakula kikiwa mlangoni. Likovorini, yaani asidi ya folini, ndiyo tunayompa baada ya methotreksati ili kuokoa seli zake nzima, na yenyewe inaingia ikiwa imeshageuzwa.

Najua mkanganyiko unakotoka. Mgonjwa wa baridi yabisi anayemeza miligramu 15 za methotreksati kwa wiki hupewa foliki, na ni sawa kabisa. Wa kwetu mwenye osteosakoma, saratani ya mifupa, anaingiziwa gramu 12 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kwa dripu inayochukua muda wa saa nne tu. Jina la dawa ni moja, habari ni mbili.

Haya, muda. Hapa ndipo ninapogombana na watu. Saa 24 za kusubiri kabla ya likovorini huhesabiwa tangu dripu ya methotreksati ilipoanza, si ilipoisha. Imeanza saa nne asubuhi? Dozi ya kwanza ya kuokoa ni kesho saa nne asubuhi, kisha saa kumi jioni, saa nne usiku, saa kumi alfajiri. Hiyo ya alfajiri ndiyo inayorukwa! Daktari ameandika "mara nne kwa siku", basi watu wanaipanga kama panadoli: asubuhi, mchana, jioni, kabla ya kulala. Andikeni "kila baada ya saa sita", na saa zenyewe mziandike kwenye chati. Seli haijui kwamba zamu imebadilishana. Uokoaji ukichelewa kupita saa 42 hadi 48, madhara huenda yasirudi nyuma tena.

Mgonjwa anatapika? Mpe kwa mshipa. Hata asipotapika, utumbo hauwezi kufyonza vizuri zaidi ya miligramu 25 kwa mkupuo. Likovorini haichanganywi kwenye laini moja na bikaboneti, ile ya kupunguza asidi ya mkojo, na haiingizwi kwenye uti wa mgongo kamwe, huko inaua. Septrini, diklofenaki na omeprazoli viondoeni mapema, vinachelewesha methotreksati kutoka mwilini. Maji mengi, na mkojo usishuke chini ya pH 7.

Halafu kuna wanaosema ikiwa ni dawa ya kuokoa, basi haina madhara. Kwenye saratani ya utumbo mpana tunaitoa pamoja na fluorourasili, dawa nyingine ya saratani, makusudi ili fluorourasili iume zaidi, na vidonda vya midomo ya wagonjwa huwa shahidi.

Ninapokosa usingizi ni hapa. Likovorini na methotreksati hugombania mlango uleule wa kuingia kwenye seli. Methotreksati ikibaki nyingi kwenye damu, miligramu 15 za likovorini hazifui dafu, lazima dozi ipande, wakati mwingine mara nyingi zaidi. Kipimo cha kiwango chake kingeniambia. Tunataka kishuke chini ya maikromoli 0.1 kwa lita ndipo tuache. Kipimo kisipopatikana nabaki na kreatinini (ya kuangalia figo), mkojo na vidonda vya mdomoni, na ninarefusha siku za likovorini kwa woga. Je, kwa kufanya hivyo naziokoa seli za saratani pia? Inawezekana. Wasiwasi huo upo kwenye fani yetu tangu zamani na sijaona jibu la kunituliza. Nikilazimika kukosea, nakosea upande wa mgonjwa kubaki hai mpaka mzunguko ujao.

Kichupa kile kimoja kilitumika saa nne usiku. Vingine tuliviazima hospitali ya jirani, vikaletwa na bodaboda kwenye kibaridi cha chanjo, saa tisa na nusu. Saa kumi na dakika tano alfajiri nikapata ujumbe: "Imeingia dada. Lala."