Mkate wa kujaza ni nini, na kwa nini hupasuka?

Pwani yetu mkate hupewa jina kwa jinsi unavyotengenezwa. Mkate wa kumimina umeitwa hivyo kwa jinsi rojo lake linavyomiminwa, mkate wa sinia kwa chombo chake, mkate wa ufuta kwa kinachonyunyizwa juu. Mkate wa kujaza ni wa ukoo huo huo: ni donge la unga wa ngano lenye hamira, likafungiwa kitu ndani likiwa bado bichi, kisha likaokwa zima.

Neno la kushika hapo ni "bichi". Ukipasua boflo ukatia nyama na jibini, hiyo ni sandwichi, hata ukiirudisha kwenye oveni. Mkate wa kujaza huiva huku umeukumbatia mjazo wake. Mvuke wa nyama na mafuta ya jibini havina pa kwenda isipokuwa ndani ya mkate wenyewe. Utamu wake unatoka hapo, na karibu kila hitilafu yake inatoka hapo hapo.

Sambusa basi haimo, ingawa nayo hujazwa: manda hazina hamira, na sambusa hukaangwa. Pizza ya Zanzibar, ile ya bustani ya Forodhani, pia haimo. Ni ngozi nyembamba ya unga inayokunjwa juu ya nyama na yai ikaivia kwenye chuma chenye mafuta. Ndugu zake wa kweli wako mbali kidogo. Kuna calzone ya Italia inayokunjwa nusu mwezi, stromboli ya Marekani inayoviringishwa kama mkeka, fatayer za Waarabu, na khachapuri ya Georgia ambayo shina lake ni jibini. Majina yanatofautiana, kanuni ni moja.

Kanuni yenyewe ni hii: oveni inaivisha donge tu. Nyama iingie imeshaiva, imekauka na imepoa. Anayetarajia oveni imwivishie na nyama mbichi humo ndani atatoa kitu kilichoungua juu na kilicholowa chini.

Kwa mikate miwili ya kukata vipande sita sita, chukua unga wa ngano gramu 500, hamira kavu kijiko kimoja na nusu cha chai, sukari kijiko kimoja cha chakula, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula na maji mililita 300. Unga uliokwisha tiwa bekin pauda usiutumie hapa. Ukipenda ladha ya kwetu, badala ya maji tia tui la pili, lile jepesi. Tui la kwanza lina mafuta mengi, hulifanya donge kuwa zito na hamira huchelewa. Kanda dakika 10 hadi donge liwe laini na lisishike mkononi. Likinata, vumilia dakika mbili tatu kabla hujaongeza unga, kwa maana unga mwingi hutoa mkate mgumu unaopasuka ukiukunja.

Kwa joto la Tanga mjini donge huumuka likawa mara mbili ya ukubwa wake ndani ya dakika 40 hadi 50, na mchana wa Februari hata mapema zaidi. Ndiyo sababu kipimo cha hamira hapo juu ni kidogo kuliko kinachoandikwa kwenye mapishi mengi ya nchi za baridi. Donge lile lile ukilikandia Lushoto, kule milimani kwenye baridi, litataka saa moja na nusu au zaidi. Kwa hiyo litazame donge, saa ya ukutani iache: bonyeza kwa kidole, shimo likirudi polepole bila kujaa lote, liko tayari. Likiporomoka na kunuka uchachu, limepitiliza. Halitupwi, lakini halifai kubeba mjazo, litakuchanikia. Lifanye mikate midogo mitupu.

Sasa nyama. Nyama ya kusaga gramu 400, isiyo na mafuta mengi, pamoja na kitunguu maji kimoja kikubwa kilichokatwa vidogo sana, thomu na tangawizi kijiko kimoja kimoja cha chai, bizari nzima iliyosagwa nusu kijiko, pilipili manga na chumvi. Kaanga nyama peke yake kwanza mpaka maji yake yote yakauke na ianze kuchoma rangi, ndipo utie kitunguu na viungo. Kitunguu nacho kikauke. Nyanya mbichi iache kabisa. Ukitaka wekundu, kijiko kimoja cha nyanya ya kopo kinatosha, na kikaangike hadi mafuta yajitenge. Mwisho kamua ndimu kidogo na utie kotimiri moto ukiwa umezimwa.

Kipimo cha ukavu ni rahisi. Sogeza nyama upande mmoja wa kikaango, kiinamishe, uhesabu hadi thelathini. Yakitiririka maji, rudisha motoni. Yakitiririka mafuta, yachote. Kama bado una shaka, changanya vijiko viwili vya chenga za mkate mkavu, zitanyonya kilichobaki. Kisha itandaze nyama kwenye sinia ipoe kabisa. Nyama ya moto hulilegeza donge hadi lishike kibao, na mvuke wake huanza kusukuma mshono hata kabla ya oveni.

Kuhusu jibini watu wengi hukosea kwa kudhani kila jibini huyeyuka. Ile ya kugandisha maziwa kwa ndimu au siki nyumbani haiyeyuki hata oveni iwe kali vipi. Hulainika tu ikabaki punje. Si mbaya, ila usingoje ivutike. Mozzarella huyeyuka na kuvutika, lakini ile inayouzwa ikielea majini lazima ichujwe na ikaushwe kwa kitambaa safi. Jibini ngumu zaidi za kukata, kama zinazotengenezwa shamba la Irente kule Lushoto, zina ladha kali na maji machache, kwa hiyo ndizo salama zaidi kwa anayeanza. Nusu kwa nusu na mozzarella ndiyo mchanganyiko ninaoutetea. Gramu 180 kwa mikate yote miwili zinatosha. Ukizidisha, itatoka nje ikaungulie kwenye trei. Ikune au ikate vidogo, na punguza chumvi ya nyama, kwa sababu jibini ina yake.

Umbo linalonipendeza kwa mkate huu ni la ukili, yaani la msuko. Kuviringisha kama mkeka kunavutia ukikata, lakini tabaka za ndani hubaki mbichi mara nyingi, kwa kuwa kila mzunguko umelala juu ya mjazo wenye unyevu. Msuko una ngozi moja tu, na nafasi zilizo kati ya vipande ndiyo matundu ya kupumulia.

Gawa donge mara mbili. Sukuma kila moja liwe mstatili wa sentimita 30 kwa 25, unene wa nusu sentimita, juu ya karatasi ya kuokea ili usihangaike kulihamisha. Panga jibini kidogo katikati kwa urefu, kisha nyama, kisha jibini iliyobaki. Jibini ya chini hukinga donge lisinyonye mchuzi wa nyama. Acha upande wa kulia na wa kushoto wazi, theluthi moja kila upande. Zikate pande hizo vipande vya upana wa sentimita mbili kwa mshazari, halafu kunja kimoja cha kulia, kimoja cha kushoto, ukibana ncha. Miisho ya juu na chini ikunje kwanza kabla ya kusuka. Vidole visiwe na mafuta hata kidogo. Ncha yenye mafuta haishiki, na hapo ndipo mkate hufunguka. Ncha zilowanishe na maji au ute wa yai.

Uache uumuke tena dakika 15 tu. Hapa ndipo wengi huharibu kwa wema, wakiuacha saa nzima ili "uwe laini". Donge huinuka likaachana na nyama, na ukikata unakuta pango juu na mjazo umelala chini. Paka yai lililopigwa, nyunyiza ufuta au habasoda, uingize kwenye oveni ya nyuzi 190, trei ya chini, dakika 25 hadi 30. Trei ya chini ni kwa ajili ya kitako, maana ndicho kinachochelewa kuiva. Ugonge kwa chini ukitoka: ukisikika mtupu, umeiva. Ukisikika mzito, rudisha dakika tano bila trei, juu ya waya.

Asiye na oveni ana mkaa. Tumia sufuria pana nzito, tandaza mchanga mkavu ndani, weka kigae au kisahani cha chuma cha kuinulia, ndipo sinia la mkate. Funika na upalie makaa juu. Theluthi mbili za moto ziwe juu, moja chini, la sivyo kitako kitaungua kabla uso haujageuka rangi. Pasha sufuria tupu dakika 10 kwanza, na usifunue ndani ya dakika 20 za mwanzo. Jumla ni dakika 35 hadi 40.

Ukitoka, usikatwe. Ngoja dakika 10 hadi 15, jibini itulie. Ukikata papo hapo yote itamwagikia ubaoni na kuacha nyama kavu. Wakati wa futari hili ni gumu kusema mbele ya watu wenye njaa, basi uoke mapema kidogo. Ukibaki, kwa joto letu usilale mezani zaidi ya saa moja: uwekwe kwenye friji, na siku ya pili upashwe kwenye oveni au kikaango kilichofunikwa hadi ndani iwe moto kweli. Pilipili ya ukwaju inaufaa kuliko tomato sosi, ambayo utamu wake huizima bizari.