Sailensa ikikata, kabureta si ya kwanza kulaumiwa

Hilux ya zamani yenye injini ya 22R ikitetemeka na kuzimika kwenye foleni, wengi husema kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli) imekufa, au wanakaza skrubu ya sailensa, yaani mwendo wa chini wa injini bila kukanyaga mafuta, mpaka injini iungurume. Skrubu hiyo inaficha tu ugonjwa. Ugonjwa huo unaweza kuwa uvujaji wa hewa: hewa inayoingia pasipostahili huharibu mchanganyiko wa hewa na petroli zaidi injini ikiwa kwenye sailensa. Ukikanyaga mafuta, hewa ya kawaida inakuwa nyingi na uvujaji hauonekani tena.

Injini ikinguruma taratibu, nyunyiza maji ya sabuni kwenye gasketi chini ya kabureta na kwenye mipira ya vakyumu (ile inayopitisha mvuto wa hewa wa injini). (Petroli usijaribu, utachoma gari.) Mlio ukibadilika, umepata tundu. Kisha bana kwa koleo mpira mnene wa buta ya breki (kifaa kinacholainisha pedali ya breki): sailensa ikitulia, buta inavuja, na breki nazo zitakuwa ngumu.

Kama injini inazimika kwenye sailensa tu lakini inaenda vizuri ukikanyaga, washa swichi bila kupiga stata, chomoa na urudishe waya wa solenoidi ya kabureta (vali ndogo ya umeme). Isipolia "tak", pima volti 12 kwenye waya kabla hujanunua mpya.