NAT ya aina ya 3: intaneti ipo, lakini hukutani na wenzako

Ukipima mtandao kwenye mashine ya gemu, inaleta majibu kadhaa: anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni), kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, na mstari mmoja ambao wengi wanaupita bila kuusoma, yaani aina ya NAT. PlayStation huuandika kwa namba 1, 2 au 3. Xbox hutumia maneno yenye maana ya wazi, wastani na iliyobanwa. Kama YouTube inacheza vizuri na gemu linashuka bila shida, lakini mwaliko wa rafiki haufiki au sauti yake husikii, anza na mstari huo. Usikimbilie kununua bando kubwa zaidi. Inaniuma kuona vijana wa Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma, wakimaliza hela kwenye kasi wakati kasi haina kosa.

NAT ni kazi ya kubadilisha anwani inayofanywa na ruta, kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani. Anwani za IP za mfumo wa zamani, ambao bado unatumika sana, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na akiba kuu iliyokuwa ikigawiwa kwa mabara iliisha Februari 2011. Kwa hiyo nyumba nzima hutumia anwani moja ya nje. Humo ndani ruta hugawa anwani zake yenyewe, mara nyingi zinazoanza na 192.168. Data ikitoka, ruta huondoa anwani ya ndani, huweka ya nje, na hukumbuka ni kifaa gani kilichotuma ili jibu limrudie mwenyewe.

Ni kama S.L.P. ya shule ya bweni. Sanduku ni moja, wanafunzi ni mamia. Mwanafunzi akituma barua, karani huandika kwenye daftari, na jibu likija anajua la nani. Ikija barua isiyo na jina wala haimo daftarini, hana pa kuipeleka.

Hapo ndipo gemu linapotofautiana na YouTube. Video umeiomba wewe, kwa hiyo jibu lina mwenyewe. Lakini gemu nyingi, hasa za mapigano, huziacha mashine mbili zitafutane zenyewe kwa zenyewe. Mashine ya rafiki yako aliyeko Ujiji inabisha hodi kwenye ruta yako ya Gungu, na ruta, isipoona ombi lolote lililotangulia, inaikataa. Aina ya 3 maana yake ni hiyo: unaweza kutoka, ila kukufikia ni vigumu. Wawili wote wakiwa aina ya 3, mara nyingi hawaunganiki kabisa, hata kama nyumba zao zinatazamana. Aina ya 2 inatosha. Aina ya 1 ni mashine iliyounganishwa moja kwa moja bila ruta, na hakuna haja ya kuihangaikia.

Sasa tafuta kizuizi kiko wapi. Fungua ukurasa wa ruta (anwani yake na nywila kwa kawaida zimebandikwa chini yake), kisha tazama anwani ya nje iliyopewa.

Ikianza na 192.168, huenda kuna ruta mbili zinazofuatana: ya mwenye nyumba, halafu yako. Jambo hili ni la kawaida kwenye nyumba za kupanga zinazogawana intaneti. Iweke ruta yako isambaze waifai tu bila kugawa anwani, na tabaka moja litaondoka.

Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kwa kawaida kizuizi kiko kwa mtoa huduma. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa sababu anwani ni chache. Ruta ya laini ya simu mara nyingi iko hivyo, na hapo ubadilishe mipangilio usiku kucha, hutafungua mlango usio wako.

Ikiwa ni anwani ya kawaida ya nje, dawa iko mikononi mwako. Washa UPnP kwenye ruta ili mashine iombe yenyewe kufunguliwa njia, zima vyote viwili, washa ruta kwanza, kisha pima tena. Ukiamua kufungua milango, yaani njia za data zenye namba, kwa mkono (Xbox hutumia namba 3074), itengee mashine anwani ya ndani isiyobadilika. Vinginevyo umeme ukikatika na kurudi, inaweza kupewa anwani nyingine, na njia uliyofungua ikaelekea kwenye simu ya mdogo wako.

Kwa mwenye laini ya simu, usiulize huduma kwa wateja kwa nini mtandao uko taratibu. Watakupimia kasi na kukuaga. Uliza kama wanatoa anwani ya IP ya umma na bei yake kwa mwezi, na kama laini yako inapata IPv6, yaani mfumo mpya wa anwani. Wakikosa vyote viwili, chagua gemu zinazopitia seva (kompyuta kuu) ya kampuni iliyozitengeneza, maana hapo kila mchezaji ndiye anayetoka kwenda kwenye seva, na aina ya 3 haimzuii.