Je, wajua diwani anavyogeuka mtangazaji wa televisheni?

Mbeya wameizoea zaidi safari ya kwenda: Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, alitoka kwenye hip hop akawa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Safari ya kurudi, kutoka siasa hadi studio, mfano wake mkubwa ni Jerry Springer wa Marekani.

Springer, mwanasheria aliyezaliwa London mwaka 1944, aliingia udiwani wa Cincinnati, jimbo la Ohio, mwaka 1971. Mwaka 1974 akajiuzulu. Polisi walikuwa wamepekua danguro lililojificha kama sehemu ya masaji, wakakuta hundi yenye saini yake. Huduma ya namna ile, kwa hundi! Alikiri hadharani, na mwaka 1975 wapiga kura wakamrudisha. Mwaka 1977 madiwani wenzake wakamchagua kuwa meya, kama wafanyavyo madiwani wa Jiji la Mbeya, ila yeye kwa mwaka mmoja tu.

Hakurukia kipindi cha televisheni moja kwa moja. Mwaka 1982 aliwania ugavana, akaangushwa kwenye kura za mchujo za chama chake, Democratic. Kituo cha televisheni cha WLWT kikamchukua awe mchambuzi wa siasa, kisha msomaji wa habari. Hapo ndipo penye daraja. Diwani mzoefu anajua kuongea bila karatasi, kumwacha mwenye kero amalize, na kufunga hoja kabla watu hawajatawanyika. Kinachomwangusha ni hotuba: umati wa uwanja wa Ruanda Nzovwe, Mbeya, utakuvumilia nusu saa juani, lakini mtazamaji ana rimoti mkononi. Ufupi lazima ajifunze upya, na uchambuzi wa kila jioni ndio uliomfunza Springer.

Mwaka 1991 Multimedia, kampuni mama ya WLWT, ikampa kipindi. Kilianza kwa mambo mazito, na wageni kama mwanaharakati wa haki za weusi Jesse Jackson na Oliver North, afisa wa jeshi wa kashfa ya Iran-Contra. Watazamaji wakawa haba. Kuanzia 1994 mtayarishaji Richard Dominick akaingiza usaliti wa mapenzi na ngumi za ukumbini, na kufikia 1998 kipindi kilikuwa kikimpiku hata Oprah Winfrey katika miji kadhaa. Mlinzi aliyeamulia ugomvi, Steve Wilkos, naye alipewa kipindi chake mwaka 2007! Mabaki ya mwanasiasa yalikuwa dakika za mwisho tu, Springer alipoigeukia kamera na kutoa maoni yake, mtindo ule ule wa WLWT.

Kurudi kwenye kura ndiko kulikoshindikana. Mwaka 2003 alipima kugombea Seneti, akaacha: kila hoja aliyotoa ilimezwa na sifa ya kipindi. Akaendelea nacho hadi 2018.