Acha kuisingizia ISO, chenga za picha za usiku zinatoka kwingine

Kila mwenye kamera ndogo akiniletea picha ya usiku imejaa chenga, vile vidoadoa kama mchanga, kabla sijafungua mdomo ameshaanza kujitetea, "lakini mimi niliweka ISO 100 kabisa!", yaani ile setingi ya kamera ya kukuza mwangaza ameiweka chini. Sasa ndo maana, ndugu yangu.

ISO haitengenezi chenga. Narudia tena kwa sababu hii imani haifi. Chenga nyingi za gizani zinaletwa na mwanga kuwa kidogo, basi. Mwanga unaingia kwenye sensa, kile kibati cha kamera kinachopokea mwanga, punje punje, zile fotoni, na hazidondoki kwa mpangilio, kwahiyo pikseli mbili za ukuta uleule, moja inaokota fotoni 9 mwenzake 14, na tofauti hiyo ndo chenga yenyewe. Kukiwa na mwanga wa kutosha kila moja inapata maelfu, zikipishana mia moja huwezi hata kuona. ISO inakuja baadaye, inakuza tu kilichokwisha kupatikana, kama redio inayoshika stesheni kwa mbali, ukiongeza sauti na mkwaruzo unapanda ila ulikuwemo tangu mwanzo.

Sasa mtu anang'ang'ania 100, picha inatoka nyeusi tii, anaenda kwenye programu anavuta mwangaza stopu 4, na kila stopu ni kuzidisha mwangaza mara mbili. Hapo umejipigia ISO 1600 kwa mkono, na kwenye kamera nyingi umeharibu zaidi maana uchafu wa saketi za kamera umeuvuta nao, wakati ungepandisha ISO mapema sehemu ya uchafu huo ungeikwepa. Kuza hiyo picha uangalie koti jeusi au nywele, utakuta mistari na madoa ya zambarau. Zipo sensa mpya ambazo njia zote mbili zinakaribiana sana, sawa, ila hata hapo unachopata kwa kubaki ISO ya chini ni taa kutoungua zikawa nyeupe tupu kwenye picha, siyo chenga kupungua.

Fungua apacha, lile tundu la lenzi, mpaka mwisho, shusha kasi ya shata, yaani ikae wazi muda mrefu zaidi, mpaka pale anayepigwa anaporuhusu, ISO iache ifuate. Ukitoka 1/60 ya sekunde kwenda 1/15 umepata mwanga mara 4, na picha inakuwa safi mara 2. Kamera iegemeze ukutani kama huna tripodi. Ila kama mtu anacheza muziki mwache kwenye 1/125 hata ISO ikifika 3200, chenga zinavumilika, picha iliyotikisika sijui utaifanyia nini.

Wale wa "megapikseli nyingi ndo zinaleta chenga", ukizitazama picha zote kwa saizi moja tofauti ni ndogo kuliko kelele mnazopiga. Kinachobeba ni eneo la sensa nzima. Ile ya kamera ndogo, ya inchi 1/2.3, ina kama milimita 6.2 kwa 4.6, fulu fremu ya kamera kubwa ni 36 kwa 24, eneo mara 30 hivi! Hakuna setingi itakayoziba hiyo.

Zumu nayo. Kamera ndogo nyingi lenzi inaanza f/2.8 ukivuta mpaka mwisho iko f/5.9 (namba ya f ikipanda, mwanga unaoingia unapungua), umetupa zaidi ya robo tatu ya mwanga halafu unalalamika. Sogea kwa miguu.

Na programu za kuondoa chenga jamani, msivute ile slaida mpaka mwisho, nyusi zinageuka doa moja na ngozi haina hata kinyweleo. Mimi chenga za rangi naziondoa zote bila huruma, zile za mwangaza nazigusa kidogo tu, kwenye karatasi hazionekani kabisa.

Mwingine ataniambia modi ya usiku ya simu ni ujanja tu wa programu. Hapana, ile inapiga fremu nyingi na kuzichanganya, kwahiyo mwanga umeongezeka kweli, fremu 4 chenga zinabaki nusu, 16 zinabaki robo. Hata kwa kamera unaweza, piga mfululizo na setingi zilezile halafu zipange na kuziunganisha kwenye kompyuta, mradi tu unachopiga kimetulia maana anayepita katikati atabaki kivuli.