Doom ya kanisani ni kitu gani?

Doom, kwenye makanisa ya zamani ya vijijini Uingereza, ni picha ya Siku ya Hukumu iliyochorwa juu ya lile tao linalotenganisha waumini na upande wa madhabahu. Yani umekaa kwenye ibada na hiyo kitu iko mbele yako, huna pa kupeleka macho. Neno lenyewe kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya hukumu tu, haya mambo ya balaa yamekuja baadaye.

Mpangilio karibu kote ni ule ule: Yesu juu kakalia upinde wa mvua, wafu wanatoka makaburini, wema wanaenda mkono wake wa kulia (wewe unayetazama ni kushoto), na upande wa pili jehanamu, inachorwa kama domo la dude lenye meno watu wanaswagwa humo. Misa ilikuwa Kilatini na wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo picha ndo ilikuwa mahubiri.

Mimi napenda ya Wenhaston, kule Suffolk, ya karibu mwaka 1500, imechorwa kwenye mbao. Mtakatifu Petro anapokea watu wanne walio uchi kabisa, ila vichwani wamebaki na vyao, taji la mfalme, la malkia, kofia ya askofu na ya kadinali. Pembeni Mikaeli ana mizani anapima roho na shetani kasimama hapo hapo anasubiri chake.

Sasa angalia katikati, kuna umbo tupu la msalaba. Zamani msalaba mkubwa wa mbao na sanamu za Maria na Yohana vilipigiliwa hapo mbele, mchoraji akaona ya nini kumaliza rangi nyuma yake. Yalipokuja Matengenezo ya Kanisa (yani Waprotestanti kujitenga na Papa) miaka ya 1500 sanamu zikang'olewa, picha ikapigwa chokaa, na juu yake wakaandika Warumi 13, ile ya kutii wenye mamlaka. Hapo serikali ilijipigia debe waziwazi aisee.

Watu wakasahau kabisa mpaka 1892, kanisa linakarabatiwa, mafundi wakazitoa zile mbao nje makaburini kama takataka, mvua ikanyesha usiku ikaosha chokaa, kulipokucha nyuso zikawa zinachungulia. Zikarudishwa ndani, ziko humo mpaka leo.