Intelijensia ya biashara na uchambuzi wa biashara: mmoja anaona, mwingine anafuatilia

Tuseme msimu wa korosho Mtwara umefika katikati. Dashibodi ya chama kikuu, yaani ukurasa wa kompyuta wenye takwimu na grafu, inaonyesha kwamba AMCOS nyingi (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima) huwalipa wakulima siku 6 baada ya mnada, ila moja inachukua siku 15. Kuiona hiyo 15, na kujua kwamba ni ya chama kimoja na si ya wote, ni kazi ya intelijensia ya biashara. Kujua inatokana na nini, na kitu gani kibadilishwe ili ishuke, ni kazi ya uchambuzi wa biashara.

Neno intelijensia tumezoea kulisikia kwa polisi, lakini hapa hakuna siri wala upelelezi. Hans Peter Luhn, mtafiti wa IBM, alilitumia mwaka 1958 katika makala kuhusu mfumo wa kufikisha taarifa kwa mtu anayezihitaji. Leo maana yake ni kukusanya takwimu za shughuli, kuzisafisha, kuziunganisha na kuzionyesha ili mwenye kuamua aamue.

Kwenye korosho takwimu hizo ziko sehemu nne: daftari la mapokezi la AMCOS, stakabadhi za ghala kuu, matokeo ya mnada na taarifa za benki. Kuchora grafu si tatizo. Kinachokula muda ni kukubaliana maana. “Siku za malipo” zihesabiwe tangu siku ya mnada, au tangu fedha za mnunuzi zilipoingia? Na “kilo zilizopokelewa” ni za mzani upi? Gunia la kilo 80 lenye unyevu wa asilimia 12, likikauka hadi asilimia 9, linabaki na kilo 77.4 hivi. Kwa magunia 1,000 hizo ni zaidi ya tani 2.5 zilizopotea bila mtu kuiba hata punje. Dashibodi isiyo na safu ya unyevu itamfanya mtunza ghala aonekane mwizi.

Mchambuzi wa biashara anaanzia pale dashibodi inapoishia. Anakwenda kwenye ofisi ya chama chenye siku 15, anakaa na karani, anafuata malipo ya mkulima mmoja kutoka kwenye mzani mpaka benki, na kuandika kila hatua: nani anafanya, kwa karatasi gani, inachukua muda gani. Hamuulizi karani “tatizo ni nini?” kwa sababu atajibiwa “mtandao”. Anaomba aonyeshwe orodha ya malipo ya mnada uliopita.

Hapo ndipo mambo hujitokeza. Karani anahamisha majina kutoka daftarini kwenda Excel usiku, baada ya kupokea mzigo kutwa. Akaunti inayoanza na 0 inapoteza hiyo 0, kwa kuwa programu inaichukulia kama namba ya kawaida. Benki inairudisha, orodha inasahihishwa, inatumwa tena, na wiki imekwisha. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ndiyo mbaya zaidi. Ina tarakimu 20, Excel inatunza 15, na zinazobaki inazigeuza kuwa sifuri. Kwa kuwa 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, wanachama wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa sehemu moja wanaweza kuonekana kama mtu mmoja.

Baada ya hapo mchambuzi anaandika mahitaji, na hapa wengi huharibu kwa kuandika “mfumo uwe bora”. Hitaji zuri linapimika: safu za akaunti na NIDA ziwe za maandishi, NIDA isiyo na tarakimu 20 ikataliwe palepale, akaunti ihakikiwe mara moja mwanachama anapoandikishwa, isisubiri kila mnada. Kisha anahakikisha marekebisho yanajaribiwa na karani yuleyule, kwa orodha halisi.

Sasa kazi inarudi upande wa pili. Dashibodi inaongezewa kipimo ambacho hakikuwepo: malipo yaliyorudishwa na benki kwa kila mnada, chama kwa chama. Kisipopungua baada ya minada miwili au mitatu, mchambuzi alikosea chanzo na inabidi arudi ofisini kwa karani. Bila yeye, dashibodi ingeendelea kuonyesha 15 msimu mzima, tena kwa rangi nyekundu ya kupendeza. Naye bila dashibodi angezunguka AMCOS zote akitafuta ni ipi inayochelewa.

Chama kikubwa kinaweza kuajiri watu wawili. Kidogo hutumia mtu mmoja kwa kazi zote mbili, na hakuna ubaya, mradi asijifungie na kompyuta. Mahali ambapo kumbukumbu bado ni za daftari, na kila karani ana mtindo wake, anza na uchambuzi, maana ukinunua dashibodi kwanza utapata makosa yaleyale kwa haraka zaidi. Kwa Lindi, minada ya ufuta hutangulia ile ya korosho, hivyo inatosha kwa jaribio la AMCOS mbili: moja yenye fomu mpya, nyingine ya zamani, kipimo kikiwa kimoja tu, malipo yaliyorudi benki.